Uliza Mwalimu: Baiti nne za kuanzia

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba lugha ya mashine niliisoma kwa penseli na kaunta buku. Barua zimekuja kutoka Masasi hadi Kilwa. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mbili za mwisho zinaiegemea.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, mchepuo wa PCM. Nimejifunza Python kidogo kwa simu, lakini nataka kujua kompyuta inafanya nini hasa ndani. Kaka yangu aliyeko chuo kaniambia nianze asembli kwenye kompyuta za zamani. Nimesoma majina mpaka kichwa kinaniuma: Spectrum, Commodore, BBC Micro, Z80, 6502. Nianze na ipi, na nianzie wapi? Mashine yenyewe sina, ila laptop ya kaka ipo.
*Mwanafunzi, Masasi*

Marahaba mwanangu. Kaka yako kakushauri vema. Kwenye laptop yake, kati yako na prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri, kuna tabaka juu ya tabaka. Ukiandika mstari mmoja hujui nani kaupokea, nani kautafsiri, nani kauchelewesha. Kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982 haina tabaka hizo. Ukiiwasha iko tayari kukusikiliza, na kila chumba cha kumbukumbu yake unakifikia kwa kutaja namba yake.

Majina yaliyokuumiza kichwa ni ya aina mbili: mengine ni ya mashine, mengine ni ya prosesa zilizomo ndani. Prosesa ya 6502 ilitoka mwaka 1975, na Z80 ya kampuni ya Zilog mwaka 1976. BBC Micro ina 6502. Commodore 64 ina 6510, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na 6502. ZX Spectrum ina Z80. Kila familia ina lugha yake. Ukiijua ya Z80 kisha ukahamia ya 6502, utakuwa kama mtu wa Newala aliyehamia kwa Wamwera: maneno yatamsumbua siku za mwanzo, kilimo hakitamsumbua.

Kama ungekuwa na jirani mwenye BBC Micro ningekuambia umfuate, maana BASIC yake, lugha ya amri inayokuja na mashine, ina asembla ndani yake. Lakini umeniandikia mimi, na mimi naijua Spectrum. Chukua Spectrum ya 48K, namba inayotaja ukubwa wa kumbukumbu yake. Anayejifunza asembli hukwama kila siku, na siku ya kukwama, mtu wa kumuuliza ana faida kuliko ubora wa mashine.

Kwenye laptop ya kaka weka Fuse. Ni programu ya bure inayoigiza Spectrum nzima pamoja na tabia zake. Programu za namna hii huitwa emuleta. Kibodi itakushangaza, kwa sababu mwanzoni mwa amri kitufe kimoja huandika neno zima: P huandika PRINT, O huandika POKE, F huandika FOR. Ikikuchosha, ndani ya Fuse chagua Spectrum ya 128K, ingia kwenye BASIC yake, na utaandika maneno herufi kwa herufi. Mfano wa jibu hili unafanya kazi huko pia.

Asembla usipakue bado. Hapa wapo watakaonipinga, na nina sababu yangu.

Prosesa haijui maneno. Inajua namba, kutoka 0 hadi 255, na namba moja ya namna hiyo ndiyo baiti. Kwa Z80, baiti 201 ina maana "rudi ulikotoka". Binadamu hawezi kushika mamia ya namba kichwani, kwa hiyo zikapewa vifupisho, na 201 ikaandikwa RET. Vifupisho hivyo ndiyo asembli. Asembla ni programu ya kugeuza vifupisho kuwa namba. Kwa programu ya baiti 4, kazi hiyo unaiweza mwenyewe kwa penseli, na ukiifanya kwa mkono wako hutakaa uamini kwamba asembla inafanya uchawi.

Programu yenyewe hii hapa, mistari miwili ya asembli:

    LD BC,300
    RET

LD ni kuweka. B na C ni rejista, vyumba vidogo ndani ya prosesa yenyewe; kila kimoja kinabeba baiti moja, na vikiunganishwa kuwa BC vinabeba namba hadi 65535. Kwa hiyo tunasema: weka 300 kwenye BC, halafu rudi. Kwa namba inakuwa 1, 44, 1, 201. Andika hivi kwenye BASIC:

    10 CLEAR 32767
    20 FOR n=32768 TO 32771
    30 READ b: POKE n,b
    40 NEXT n
    50 DATA 1,44,1,201
    60 PRINT USR 32768

Mstari wa 10 unaizuia BASIC isivuke anwani 32767, yaani chumba cha kumbukumbu chenye namba hiyo, ili eneo la juu liwe letu. Mistari ya 20 hadi 40 inapanga baiti zetu mojamoja kuanzia 32768. Mstari wa 60 unamwambia prosesa aende 32768, afuate anachokikuta, na akirudi aandike kilichomo kwenye BC. Ukiiendesha, skrini itaandika 300.

Sasa ziangalie baiti zile nne kwa karibu, maana somo lote limo humo. Ya kwanza, 1, ni amri: weka kwenye BC namba inayofuata. Namba 300 haiingii kwenye baiti moja, kwa hiyo inagawanywa. Chukulia una korosho 300 na magunia ambayo kila moja linachukua punje 256 kamili. Utajaza gunia 1, zitabaki punje 44. Z80 inataka zilizobaki zitangulie, magunia yafuate: 44, halafu 1. Kwa nini kinyumenyume? Ndivyo prosesa hii ilivyoundwa, na 6502 nayo inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo ukizoea hapa umezoea kote kuwili. Ya nne ni 201, rudi.

Umeona kwamba 1 imetokea mara mbili? Ya kwanza ni amri, ya pili ni gunia. Namba ni ileile, maana mbili, na kinachozitofautisha ni mahali zilipokaa tu. Hili jambo lilinigharimu usiku mzima, na ndilo linalonifanya nikuzuie kukimbilia asembla.

Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu mgeni wa hesabu katika shule moja ya bweni hapa mkoani Mtwara. Mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza alipomaliza muda wake aliniachia Spectrum na televisheni ndogo isiyo na rangi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo televisheni ile haikuwa na kazi nyingine yoyote. Kaseti ya programu hakuacha hata moja. Aliacha kitabu cha maelekezo, na nyuma ya kitabu kile mna jedwali la herufi zote za mashine, namba 0 hadi 255. Safu moja inaonyesha herufi, nyingine namba, na pembeni, kwa maandishi madogo, kuna safu ya asembli ya Z80. Mtu anayetafuta namba ya alama ya "kubwa kuliko" anaikuta ni 62, na mbele yake pameandikwa ld a,N. Mimi nilikuwa natafuta herufi, nikaikuta lugha nzima imejificha humo.

Jenereta ya shule iliwaka kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 usiku. Ikizimwa, naandika baiti za kesho kwa taa ya chemli. Usiku mmoja niliingiza baiti mojamoja kwa POKE bila kitanzi, yaani bila FOR na NEXT ya kurudia kazi, na nikairuka ile 1 ya mwanzo. Kwenye kumbukumbu zikakaa 44, 1, 201. Nilipomtuma prosesa huko, skrini ikaganda. Sinclair, watengenezaji wake, hawakuweka swichi ya kuzimia kwenye Spectrum ile, ikabidi nichomoe waya, na kila kitu kikafutika.

Nilikaa na daftari mpaka nikaelewa. Kwenye lile jedwali, 44 ni INC L, yaani ongeza moja kwenye rejista L. Prosesa haikujua kwamba mimi nilikusudia punje 44. Iliikuta mwanzoni, ikaisoma kama amri. Kisha ikakuta 1, weka kwenye BC, ikazimeza baiti mbili zinazofuata kama namba. Ya kwanza kati ya hizo ilikuwa 201, RET yangu. Amri ya kurudi iliingia kwenye gunia badala ya kutekelezwa. Prosesa ikaendelea mbele, ikisoma chochote ilichokikuta kana kwamba ni amri, na hakukuwa na wa kuirudisha.

Asembla isingeniruhusu kufanya kosa lile, ni kweli. Lakini baada ya usiku ule niliacha kuiogopa skrini iliyoganda. Ikiganda, kuna baiti imekaa mahali pa nyingine, na mtu mwenye penseli ataipata.

Kwa hiyo fanya hivi. Badilisha 44 na 1 mpaka nikikutajia namba yoyote uniambie baiti zake bila kusita. Elfu moja ni 232 na 3. Andika programu tatu nne za namna hii kwa mkono, kisha pakua asembla. Pasmo ni ya bure, ni ndogo, na haina maringo. Heksadesimali, yaani kuhesabu kwa makundi ya 16, utaihitaji hapo, na utaona kwa nini watu wa asembli wanaipenda: 300 inaandikwa 012C. Tarakimu mbili za kwanza ndizo magunia, mbili za mwisho ndizo zilizobaki, huna haja ya kugawanya tena.

Habari za kazi Mwalimu. Marehemu baba yetu alikuwa baharia. Kwenye sanduku lake tumekuta kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira, imeandikwa Sinclair ZX Spectrum. Waya wa umeme haupo. Mwanangu kapata adapta ya volti 9 ya kinanda na anataka kuichomeka leo leo. Tumruhusu?
*Mama wa wawili, Lindi mjini*

Nzuri dada, na Mungu amrehemu mzee. Mtoto asiichomeke. Volti 9 ni sahihi, tatizo liko kwenye ncha. Spectrum inataka hasi iwe katikati ya ncha na chanya nje, wakati adapta nyingi za madukani zina chanya katikati. Plagi inaingia bila shida, na mashine inaungua bila shida. Mpeleke kwa fundi wa redio mwenye mita, apime adapta kabla ya kitu kingine chochote, na ahakikishe inatoa walau ampea 1.4. Kama ncha ni kinyume, fundi ataigeuza kwa dakika chache.

Kabla ya umeme, ifungueni. Hewa ya bahari ya Lindi haina huruma na chuma, kwa hiyo angalieni kutu kwenye miguu ya chipu na kwenye soketi. Mnapofungua, inueni kifuniko pole pole: kibodi imeunganishwa na bodi kwa utepe wa plastiki, na kwa umri huu utepe ule umekauka, hukatika kama jani la mnazi lililoanguka. Utepe ukikatika vitufe havifanyi kazi, ingawa kibodi mpya za ndani hutengenezwa hadi leo na huagizwa.

Picha hutoka kwa waya wa antena, chaneli ya 36 ya UHF, mfumo wa analogi. Televisheni ya kichogo iliyolala stoo ndiyo itakayoipata kwa urahisi.

Na kama msomaji mwingine ana Commodore 64 sandukuni, onyo lake ni tofauti: adapta yake ya asili ndiyo ya kuogopwa. Ile ya tofali lililozibwa kabisa, ikizeeka, upande wake wa volti 5 hupanda juu ya 5 na kuua chipu za kumbukumbu. Ipimwe kabla, au itumike mpya.

Dada, jambo moja la mwisho. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku ile ilichukua miaka kulegea. Mashine ya miaka ya 1980 iliyofika Lindi kwenye sanduku la baharia ni kitu adimu. Hata ikikataa kuwaka, msiitupe.

Mwalimu, kwa heshima zote, vijana wetu wanatafuta ajira. Z80 hata kutengenezwa haitengenezwi tena. Kwa nini uwapotezee muda?
*Mzazi, Newala*

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Zilog walitangaza mwaka 2024 kwamba wanaacha kuuza Z80 ya asili, miaka 48 tangu ilipotoka. Kijana anayetaka kipato mwaka huu ajifunze kutengeneza simu au kuandika tovuti. Sitamwambia kwamba asembli ya Spectrum itamlipa. Lakini kijana wa Masasi hakuniuliza juu ya ajira. Kaniuliza kompyuta inafanya nini ndani, na swali hilo nikilijibu kwa mashine ya sasa nitamdanganya kwa kurahisisha. Kwa hii sihitaji kumficha kitu. Akikutana kesho na chipu ndogo ndani ya mita ya umeme au pampu ya maji, atakuta rejista, anwani na baiti zilezile.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu, nimejaribu Spectrum kwenye Fuse. Niliandika LD A,2 kisha OUT (254),A kisha RET, baiti zake 62, 2, 211, 254, 201. Nikiita kwa RANDOMIZE USR 32768 ukingo wa skrini unageuka mwekundu vizuri. Lakini nikigusa kitufe chochote unarudi mweupe. Emuleta ina kasoro?
*Fundi simu, Tandahimba*

Marahaba. Emuleta haina kasoro, na baiti zako ziko sawasawa. Mashine halisi inafanya hivyo hivyo. Mimi niliiona kwa rangi ya kijivu, maana televisheni yangu haikuwa na nyekundu, na nilidhani ni umeme wa jenereta unaoyumba.

Ukweli ni huu. Mlango namba 254, ambako OUT hupeleka baiti, una kazi zaidi ya moja. Baiti ina biti nane, kila moja ni 0 au 1. Biti tatu za chini ni rangi ya ukingo, na hapo 2 ni nyekundu. Biti namba 4, ukihesabu kuanzia 0, ndiyo spika. Sasa, kila unapobonyeza kitufe Spectrum hutoa kale kamlio ka "tk". Ili kulia, ROM, kumbukumbu ya kudumu yenye programu za mashine yenyewe, inapeleka baiti kwenye mlango huohuo wa 254, na baiti ile lazima iwe na rangi fulani kwenye biti za chini. Rangi hiyo ROM inaisoma kwenye chumba ilichojitengea cha kumbukumbu, anwani 23624, na humo bado pameandikwa nyeupe. Wewe ulipaka ukuta bila kubadilisha maandishi ya daftari. Mwenye daftari akapita, akapaka upya kama lilivyoandikwa.

Njia ni mbili. Unaweza kubadilisha daftari mwenyewe: baada ya OUT, ongeza LD A,23 na LD (23624),A, yaani 62, 23, 50, 72, 92, kabla ya 201. Ile 23 ni 2 mara 8, ambayo ni nyekundu ya chini ya maandishi, ukiongeza 7, ambayo ni weupe wa maandishi yenyewe, kwa sababu anwani ile inashika pia rangi za mistari miwili ya chini ya skrini. Angalia 72 na 92: zilizobaki zimetangulia, magunia yamefuata, 92 mara 256 ukijumlisha 72 unapata 23624.

Njia ya pili ni kumtumia aliyekwisha kuifanya kazi. Ndani ya ROM, anwani 8859, kuna kipande kinachofanya yote mawili, kupaka na kuandika daftarini. Kinataka rangi iwe kwenye rejista A. Kwa hiyo: LD A,2, kisha CALL 8859, kisha RET. Baiti zake ni 62, 2, 205, 155, 34, 201. Sita tu. Napenda njia hii kwa sababu inakufundisha mapema kwamba ROM si ukuta, ni ghala, na milango yake mingi iko wazi.

Kama siku moja utahamia Commodore 64, ukingo wake ni anwani ya kawaida, 53280, na nyekundu yake pia ni 2. Baiti ni 169, 2, 141, 32, 208, 96, zipange kuanzia 49152, uite kwa SYS 49152. Huko rangi inakaa, hakuna anayeipaka upya kwa kila kitufe.

Mwalimu habari. Nimetumia kitanzi kuchora mstari juu kabisa ya skrini ya Spectrum: 33, 0, 64, 6, 32, 54, 255, 35, 16, 251, 201. Umetokea mzuri, mwembamba, kutoka kushoto hadi kulia. Nikataka uwe mnene, nikabadilisha 32 kuwa 64 ili mstari wa pili ukae chini yake. Mstari wa pili umetokea, lakini mbali, kuna nafasi nyeupe katikati. Nimekosea wapi?
*Mvuvi anayejifunza, Kilwa*

Salama kaka, na hongera. Hujakosea popote, umegundua. Wenzako niwaeleze kwanza ulichoandika: weka 16384 kwenye HL, jozi ya rejista kama BC, maana hapo ndipo skrini inapoanza; weka 32 kwenye B; weka 255 kwenye anwani inayotajwa na HL, na 255 ni nukta nane zote nyeusi; ongeza HL kwa moja; punguza B kwa moja, na kama haijafika sifuri rudi nyuma hatua 5. Ile 251 ndiyo hatua 5 za kurudi nyuma, kwa sababu 256 toa 5 ni 251. Skrini ina upana wa nukta 256, nukta nane kwa baiti, kwa hiyo baiti 32 zinamaliza mstari. Nimekupigia hesabu ya muda: mapigo 950 ya saa ya prosesa, ukiacha ucheleweshaji wa chipu ya skrini. Z80 ya Spectrum inapiga mapigo milioni 3.5 kwa sekunde. Mstari wako wa kwanza ulikwisha kabla theluthi moja ya elfu ya sekunde haijapita.

Sasa ile nafasi. Skrini haikupangwa kwa mfuatano unaoudhania. Baiti ya 33 haiendi kwenye mstari wa nukta unaofuata, inaruka nukta nane na kuanza mstari wa kwanza wa safu ya pili ya herufi. Ikimaliza safu nane za herufi hivyo, ndipo inarudi juu kuchora mstari wa pili wa kila safu. Skrini imegawanywa mafungu matatu ya baiti 2048, na kila fungu linajazwa kwa mtindo huo. Aliyewahi kungojea mchezo upakie kutoka kwenye kaseti ameona picha ikijijaza kwa kuruka vile.

Waliounda mashine hawakukusudia kukuudhi. Kwa mpango huo, ukitaka kushuka nukta moja ndani ya herufi unaongeza 256 kamili, na kuongeza 256 ni kuongeza gunia moja bila kugusa zilizobaki. Magunia ya HL yako kwenye H. Basi INC H inatosha, baiti moja, mapigo 4 tu, wakati INC HL inachukua 6. Kuandika herufi moja kwenye skrini, ambayo ni mistari minane, kunakuwa kwepesi sana.

Jaribu: 33, 0, 64, 6, 8, 54, 255, 36, 16, 251, 201. Nimebadilisha baiti mbili kwenye ile yako, 32 imekuwa 8 na 35 imekuwa 36. Utapata mraba mmoja mweusi kwenye kona ya juu kushoto.

Mstari mnene uliokuwa unautaka unahitaji kitanzi ndani ya kitanzi, na B unayo moja. Tafuta namna ya kuihifadhi kwanza. Jedwali lina PUSH BC, namba 197, na POP BC, namba 193. Na ukirudi kwenye programu yako ya mwanzo, weka 0 mahali pa 32. Usidhani kitanzi hakitachora kitu: kitazunguka mara 256, kwa sababu B inapunguzwa kwanza ndipo inaangaliwa. Hesabu mistari itakayotokea, uniandikie ni mingapi na imefika wapi.